Kipimo cha ukinzani dhidi ya huduma

Kipimo cha ukinzani dhidi ya huduma ni chombo cha kiuguzi kinachoonyesha kwa tarakimu jinsi mtu mwenye dimensia anavyokataa kuogeshwa, kuvishwa, kulishwa au kusafishwa kinywa. Kilichapishwa Marekani mwaka 1999 na Ellen Mahoney, Ann Hurley, Ladislav Volicer na wenzao, watafiti waliohusiana na hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Bedford, Massachusetts.

Kabla ya hapo ukinzani ulichanganywa na fujo za kila aina. Orodha ya Jiska Cohen-Mansfield, iliyoanza kutumika miaka ya 1980, ina tabia 29, na mhudumu huulizwa kila moja imetokea mara ngapi katika wiki mbili zilizopita. Humo, anayezungukazunguka ukumbini mchana kutwa na anayempiga muuguzi bafuni huingia katika hesabu moja. Watafiti wa Bedford waliwatenganisha, na walifanya vyema: ukinzani huzuka pale mtu mwingine anapomsogelea mgonjwa ili amfanyie jambo.

Kipimo chao kina tabia 13. Baadhi ni za mwili: kugeukia pembeni, kujinasua, kusukuma, kung'ang'ania kitu au mtu, kubana mikono au mapaja, kupiga au kurusha teke. Nyingine ni za sauti, kama kusema hapana, kulia, kutoa vitisho na kupiga mayowe. Kila tabia hupewa alama 0 hadi 4 kwa muda iliodumu na 0 hadi 3 kwa ukali wake, kisha alama hizo mbili huzidishwa. Tuseme mzee anavuliwa shati ili aoge, naye anashika ukingo wa kitanda kwa sekunde arobaini, kwa nguvu za wastani. Muda unampa 2, ukali 2, na tabia hiyo inaandikwa 4. Jumla ya juu kabisa ni 156. Mpimaji hutazama tukio lenyewe, ana kwa ana au kwenye video. Hategemei kumbukumbu ya mhudumu aliyechoka mwisho wa zamu.

Faida kubwa ya kutazama hivyo ni kwamba mhudumu naye anaonekana. Mwaka 2009 Kristine Williams na wenzake walichapisha uchambuzi wa video kutoka makao ya wazee huko Kansas. Wazee waliposemeshwa kama watoto wachanga, uwezekano wa kukinza ulikuwa 0.55, waliposemeshwa kama watu wazima ulishuka hadi 0.26. Rita Jablonski, aliyeshughulikia usafi wa kinywa, alieleza ukinzani kuwa ni kujihami: ubongo ulioathirika huona mswaki unaoletwa mdomoni kuwa ni shambulio. Katika utafiti wa Philip Sloane wa mwaka 2004, kumwogesha mzee kitandani kwa taulo zenye maji ya uvuguvugu, huku mwili wake ukiwa umefunikwa, kulipunguza matukio ya ukali kwa asilimia 60. Kuoga kwa bomba kwa namna inayofuata matakwa ya mzee kuliyapunguza kwa asilimia 53. Wagonjwa hawakuwa wamepona. Kilichobadilika ni mikono iliyowaogesha.

Mpaka wa kipimo hiki ni kwamba hakisemi sababu. Bega lenye baridi yabisi, aibu ya kuvuliwa nguo mbele ya mgeni na baridi ya bafuni vinaweza kutoa alama ileile. Ndiyo maana inafaa kitumike pamoja na kipimo cha maumivu, kama PAINAD cha mwaka 2003, kilichotoka pia Bedford na chenye alama 0 hadi 10.

Makao ya wazee ya Marekani yanayolipwa kwa fedha za serikali kuu hujaza pia fomu iitwayo MDS, inayouliza mkazi alikataa huduma siku ngapi kati ya saba. Toleo lake la tatu, linalotumika tangu mwaka 2010, linaagiza kwamba kukataa kunakolingana na matakwa ya mkazi yaliyokwisha kujadiliwa kusihesabiwe. Agizo hilo ni la haki, kwa kuwa dimensia haimwondolei mtu haki ya kusema hapana. Hatari ya upande wa pili ni ya kimya zaidi: aliyekata tamaa na kuacha kujitetea hupata sifuri sawa na aliyeridhika. Sifuri peke yake isichukuliwe kuwa ushahidi wa huduma njema.