Kimondo: Jiwe lipo, mwanga uko wapi?

Juzi usiku nilikiona kimondo kikubwa. Ua mzima ulimulikwa kama mchana, kisha giza. Marehemu nyanya angesema shetani amepigwa kinga cha moto akidukiza siri za mbinguni.

Kiswahili huita kimondo ule mwanga upitao na pia lile jiwe liangukalo. Historia, hata hivyo, hutunza jiwe tu. Kule Mbozi, Tanzania, kipo kimondo cha chuma cha takriban tani 16, kilichojulikana kwa wanasayansi mwaka wa 1930. Lakini simulizi za wenyeji hazitaji siku kilipoanguka. Mawe yaliyoanguka Thika Julai 16, 2011 bado yana mashahidi hai. Jamani, wasomi wenzangu, tuwahoji sasa. Jiwe litangoja, shahidi hangoji.