Uso Usiojibu

Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huliona la kikatili. Mama alicheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha akaambiwa aukaze uso, asicheke wala asijibu lolote, kwa dakika chache tu. Mtoto alitabasamu ili kumvuta mama, akajaribu tena na tena, na alipoona hajibiwi akageuza uso na mwili pembeni.

Wakati huo majumbani mwetu kulikuwa na redio. Baba alipotega sikio kusikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania, watoto waliamrishwa wanyamaze, na kusema kweli walipuuzwa vilevile. Siwaamini wanaosimulia kwamba wazazi wa zamani walizungumza na watoto wao kutwa kucha. Lakini watoto walijua baba anasikiliza nini, na taarifa ikiisha, imekwisha.

Machi 2007 M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Simu ikawa mkoba wa fedha. Julai 2009 mkongo wa Seacom ulifika Mombasa na Dar es Salaam. Simu janja zikafuata. Hivyo mzazi anayeinamia simu wakati wa chakula huenda hatafuti upuuzi: ada ya shule imo humo, msiba wa shangazi umo humo, na vikoba pia. Mtoto hawezi kupambanua hayo. Yeye anauona uso usiojibu.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliochunguza vijana wa miaka 10 hadi 20 waliona kuwa wale ambao wazazi wao hukatizwa mno na simu walielekea zaidi kuonea wenzao mtandaoni. Kipi kimezaa kipi, ni vigumu kuamua. Kijana mkorofi naye humkimbiza mzazi kwenye simu yake.

Ila kijana, tofauti na yule mchanga, akigeuka pembeni anapata pa kuelekea. Februari 2009 Facebook iliweka kitufe cha kupenda, na tangu hapo jibu likawa na hesabu. Binti anaweka picha saa nne usiku. Kabla hajalala wamemjibu watu 40, ambao nusu yao hawajui. Mmoja wa hao wasiojulikana akimwuliza ameshindaje leo, swali ambalo sebuleni hakuna aliyelikumbuka, atajibiwa kwa kirefu.