Moto Vilimani Gusii: Habari za Majirani Wauzimao



Katika taarifa ya mwaka ya chama kama hiki, kurasa nyingi huwa ni za fedha: michango ya matanga, karo za watoto, gharama za kusafirisha maiti hadi nyumbani. Ni haki iwe hivyo. Lakini iko kazi moja ambayo zamani ilikuwa ya kila jirani katika nchi ya Gusii, nayo haimo katika hesabu zetu hata kwa mstari mmoja. Kazi hiyo ni kuzima moto nyumba ya mtu inapowaka. Twaona yafaa habari zake ziandikwe hapa, kwa sababu nyumba zingali zaungua huko Kisii na Nyamira, na wa kwanza kufika angali ni jirani.

Nyumba ya Mgusii wa zamani ilikuwa ya mviringo, kuta za fito na udongo, paa la nyasi. Moto ulikaa ndani, mafigani, kwa kuwa nchi yetu ni ya juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari katika sehemu nyingi, na baridi ya usiku yajulikana na kila mtu aliyelala huko. Kabla ya kuja kwa kiberiti, aliyezimikiwa na moto alikwenda kwa jirani kuomba kaa. Basi omorero, yaani moto, ulikuwa kitu cha kupeana, na mtu aliyekaa vibaya na majirani alikaa katika hatari mbili: baridi ya asubuhi, na upweke wa usiku ambao paa lake lingeshika moto.

Paa la nyasi likishika moto halingoji mtu. Maji ya mtungi mmoja juu ya nyasi zilizokwisha kuwaka ni maji ya bure. Yapasayo ni kutoa watu na mifugo, kuvuta nyasi chini kwa miti mirefu, kisha kusimama upande uelekeao upepo, ili cheche zisirukie nyumba ya pili wala ghala la wimbi. Nyumba majirani huweza kuijenga upya kwa siku chache. Wimbi ni shauri la mwaka mzima.

Kwa kazi kubwa kama hizo Wagusii walikuwa na risaga. Vijana wetu waliozaliwa mijini hudhani risaga ilikuwa karamu ya pombe tu. Sivyo. Risaga ilikuwa majirani wa mahali pamoja waliofungamana kulima, kupalilia, kuvuna na kujenga. Mwenye kazi aliwaandalia pombe, naye alikuwa na wajibu wa kwenda kwa wenzake walipomwita. Kundi dogo zaidi, la kusaidiana kwa zamu, liliitwa egesangio. Kila mtu alijua yu katika kundi gani na nani ni mwenzake, na asiyefika alijulikana kabla jua halijatua. Tena walikuwako vijana wa ebisarate, zile kambi za kulinda ng'ombe, waliolala mkuki ukiwa karibu wakisikiliza yowe. Serikali ya Waingereza ilizivunja kambi hizo kabla ya vita vya 1914, kwa kuwa iliwaogopa vijana wenye mikuki. Sababu yao twaielewa. Lakini vilima vikapoteza watu waliokuwa macho usiku, wala hakuna waliowekwa mahali pao.

Wazee hawatatusamehe tukiruka habari za 1905 na 1908. Katika miaka hiyo moto uliletwa na askari. Mnamo Januari 1908, Otenyo alipomchoma mkuki Bwana Northcote, mkuu wa serikali katika boma la Kisii, kikosi kilitumwa kuadhibu nchi. Watu wengi waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, nyumba na vyakula vikateketezwa. Moto wa namna hiyo jirani hawezi kuuzima. Aliweza tu kumkaribisha aliyeunguliwa, iwapo yeye mwenyewe alibakiwa na paa.

Kisha yakaja mabati. Kahawa ilianza kupandwa katika miaka ya 1930, ikafuatwa na pareto na chai, na fedha za mazao hayo zikaondoa nyasi juu ya nyumba moja baada ya nyingine. Bati halirushi cheche, na watu wakaona kwamba adui amekwisha. Wakati huohuo kazi ya shamba ilianza kulipwa kwa fedha, mashamba yakagawanywa kuwa vipande vyembamba, na risaga ikadhoofika. Lakini moto ulikuwa umehamia ndani tu. Siku hizi chini ya bati hilo mna godoro la sponji, taa ya mafuta, mtungi wa gesi, pengine petroli ya pikipiki, na waya za umeme zilizofungwa na fundi asiyejulikana alikojifunza. Nyumba zimekaribiana mno: hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, na huko Kisii ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba.

Shuleni ndiko moto ulikotuumiza zaidi. Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 serikali ilitoa kanuni za usalama wa shule: bweni liwe na mlango kila upande na mwingine katikati, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo, Septemba 2024, wavulana 21 walikufa Endarasha, Nyeri. Kwetu, Juni 2016, mabweni ya Itierio yaliteketea, na ilielezwa kwamba wanafunzi wenyewe ndio waliotia moto baada ya kunyimwa kutazama mpira. Mzazi ambaye hajawahi kuzunguka bweni la mwanawe akihesabu milango ana kazi ya kufanya siku ya kufungua shule.

Sasa twafika kwenye neno gumu. Mei 2008, watu kumi na mmoja walichomwa moto hadi kufa katika nchi yetu kwa kushukiwa uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa shutuma hiyohiyo. Waliofanya hayo walikuwa majirani. Waliitana kwa yowe, wakakimbia pamoja, wakafika upesi, sawasawa na wanavyofika wazimao moto. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba hatuhitaji kikosi kwa kuwa Wagusii wana umoja na hukimbilia yowe. Umati nao hukimbilia yowe. Kikosi kina orodha ya majina, kina mkubwa wake, na kina kanuni zilizokubaliwa mchana watu wakiwa na akili zao. Nani alifika na alifanya nini hujulikana. Umati hauna majina, na asubuhi hakuna aliyekuwako.

Jambo hili halikugunduliwa na wenye magari mekundu. Mwaka 1736, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, Benjamin Franklin na wenzake waliunda chama cha kuzima moto. Hakikuwa kikosi cha askari wala cha serikali. Walikuwa watu wa biashara na kazi za mikono. Waliandika mapatano, idadi yao ikawekewa kikomo, kila mmoja akalazimika kuwa na ndoo za ngozi pamoja na mifuko ya kuokolea vyombo. Walikutana kila mwezi, na asiyehudhuria alitozwa faini. Mzee aliyewahi kuwa katika risaga angeyasoma mapatano hayo na kuyaelewa yote, isipokuwa kwamba hapakuwa na pombe baada ya kazi. Na hilo nalo hatuna hakika nalo.

Kwa katiba ya Kenya ya 2010, kazi ya zimamoto ni ya kaunti, nazo kaunti zilianza 2013. Ni haki yetu kudai magari, maji na watu waliofundishwa, na wanachama wasichoke kudai. Ila gari zito lenye tangi haliwezi kupanda kila njia yetu ya udongo mvua ikinyesha, na chumba chenye godoro huwaka chote kwa dakika chache.

Basi kikosi kidogo cha kilima kimoja chahitaji nini? Kwanza maji, na hapa jiografia yetu ni mbaya. Twajenga juu, chemchemi iko bondeni. Chemchemi ikiwa umbali wa mita 200, na watu wakisimama mita mbili-mbili wakipokezana ndoo, wanatakiwa watu mia moja. Hawapatikani saa nane ya usiku. Lakini milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 60 za mraba, ikinyeshewa milimita 20, hutoa lita 1,200. Mvua tunayo. Tatizo ni mifereji ya paa na tangi, na tangi moja kwa kila nyumba tano au sita ni mwanzo mzuri.

Pili vyombo: ndoo, ngazi, upembo mrefu wa chuma, kamba, majembe, mchanga mkavu, firimbi. Bomba la mgongoni la kunyunyizia kahawa au ng'ombe, likioshwa vizuri na kujazwa maji matupu, lafaa sana kwa moto mdogo na kwa nyasi. Mafuta yakiwaka, watupe mchanga au udongo, wasitupe maji. Umeme uzimwe kwanza kwenye swichi kubwa. Na lori la mafuta likianguka barabarani, kikosi kifukuze watu mbali. Huko Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa walipokuwa wakichota petroli.

Vitu hivyo vyote havizidi fedha tunazochanga kwa matanga machache, nasi huchanga kwa jeneza bila kuulizwa mara mbili. Lililo zito ni watu. Wengi wetu tuliomo katika orodha ya chama tunakaa Nairobi, Nakuru, Kericho na Mombasa. Mchana, kilimani hubaki akina mama, wazee, na vijana waendesha pikipiki walioko stendi. Kwa hiyo mazoezi yafanywe na hao, siku ya kawaida ya kazi, wala si Desemba sisi tunapokwenda nyumbani na suti zetu. Na ufunguo wa ghala la vyombo asipewe mwenyekiti kwa sababu ni mwenyekiti. Apewe mtu alalaye pale siku zote, mwanamke au mwanamume, na ufunguo wa pili ukae nyumba ya pili, mahali ambapo hata mtoto ameonyeshwa.