Tarikhi ya Unyevu katika Kuta za Dodoma

Mtu asikiaye jina la Dodoma aghalabu hufikiri juu ya nchi kavu ya mibuyu na vumbi, ambamo mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 600, nayo hunyesha baina ya Desemba na Aprili tu. Kwa hiyo hustaajabu aambiwapo kwamba katika nyumba za kupanga za Kikuyu, Kaskazini na Kusini, wako watu ambao kila kifuku husogeza vitanda mbali na ukuta, kwa sababu ya kuvu nyeusi iotayo nyuma ya kabati na kunukisha nguo. Jambo hili si sihiri, wala aghalabu si dalili ya uchafu wa mpangaji, bali lina tarikhi yake, nayo ni tarikhi ya ujenzi.

Nyumba ya asili ya Wagogo, wenyeji wa Dodoma, ilikuwa tembe, yaani miti iliyosimikwa na kukandikwa udongo, chini ya paa la bapa la magogo, fito, majani na udongo. Na ndivyo msafiri Burton alivyozikuta alipopita Ugogo katika safari yake ya 1857, na msafiri Stanley baada yake mwaka 1871. Udongo ule ulinywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua lilipowaka, na moshi wa meko ulikausha miti ya darini. Hata hivyo, si haki kuisifu tembe kupita kiasi, maana moshi huo huo uliumiza macho na vifua, na ndani ya nyufa zake walijificha papasi waletao homa. Fadhila yake kubwa ilikuwa katika desturi: kabla ya mvua, wale wale waliolala ndani ndio waliokandika upya kuta na kuongeza udongo juu ya paa.

Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma mwaka 1910, mji ulianza kukua kandokando ya stesheni, na bati likaja pamoja na biashara. Kisha mwaka 1973 chama cha TANU kikaamua makao makuu ya serikali yahamie huku, na tangu 2016, serikali ilipoanza kuhama kwa kweli, haja ya vyumba ikaongezeka kwa kasi. Tofali la saruji likawa ndiyo alama ya nyumba bora, na kwa hakika lina uimara ambao udongo hauna. Lakini palipojengwa kwa haraka, bila ya karatasi ya kuzuia maji baina ya msingi na ukuta, unyevu hupanda kutoka ardhini, huku lipu ngumu na rangi ya mafuta zikiuzuia usitoke. Hata wakati wa kipupwe, mvua ikiwa imekwisha kitambo, pumzi za waliolala katika chumba kilichofungwa hugeuka maji zikigusa ukuta wa baridi, na kuvu haihitaji zaidi ya hayo. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wamejifunza somo lilo hilo, kwamba saruji ikipakwa juu ya ukuta wa mawe na chokaa huyafungia maji ndani. Ndiyo sababu wahifadhi wake hurudia chokaa.

Lakini badiliko kubwa kupita yote ni kwamba alalaye karibu na ukuta siye tena mwenye mamlaka juu yake. Mpangaji aweza kufungua madirisha asubuhi, kutenga kabati na ukuta, na kuosha kuvu kwa maji na sabuni, pua yake ikiwa imefunikwa. Bali hawezi kuchimba mfereji, kuziba bati lililotoboka, wala kubandua lipu iliyooza. Hayo ni ya mwenye nyumba, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imemlazimu mpangishaji ahakikishe kuwa chumba akipangishacho chafaa kukaliwa na binadamu. Kupaka rangi mpya juu ya kuvu ili apatikane mpangaji mwingine ni kuficha maradhi, na watoto wenye pumu ndio walipao. Basi apokeaye kodi ameirithi ile kazi ya kukandika kabla ya mvua, na yampasa aitimize kila mwaka, kabla Desemba haijafika.