Baridi ya Nairobi, Baridi ya Arusha

Julai mwaka jana familia yetu ilinipa kazi ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunipa: kuamua mji upi una hali ya hewa bora, Nairobi au Arusha. Bibi yangu, mama yake baba, ana pumu, na magoti yake hayapendi asubuhi. Shangazi anayeishi Nairobi alitaka ahamie kwake, karibu na hospitali. Baba alitaka abaki Nkoaranga, kwenye mgomba wake, chini ya Mlima Meru. Wakabishana wiki nzima kwenye kundi la familia la WhatsApp. Hoja ya kila mmoja ilikuwa baridi. Shangazi alisema ya Arusha ni ya unyevu, baba akasema ya Nairobi inaingia kwenye mifupa. Mwishowe baba mdogo akaandika: "Mwanahistoria amekulia Arusha, sasa anasoma Nairobi. Atuambie yeye."

Nasomea shahada ya uzamili ya historia, si ya hali ya hewa. Lakini mjukuu hakatai akitumwa.

Nikaanza kama mwanafunzi, kwa jedwali. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner, Nairobi, kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Arusha uko chini kidogo ya mita 1,400. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo hata bila kufungua takwimu unaweza kukisia kwamba Arusha itakuwa na joto zaidi kwa nyuzi mbili na kitu. Na ndivyo ilivyo. Usiku wa Julai Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na mchana ukijitahidi sana unafika 22. Februari, Nairobi inacheza kwenye 26 au 27 mchana, Arusha inakaribia 29. Masika miji yote miwili huipata kati ya Machi na Mei, vuli mwisho wa mwaka. Ni watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali.

Tofauti yao kubwa ni mlima. Kuanzia Juni upepo wa kusi huleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na Meru yenye zaidi ya mita 4,500 imeukalia njiani. Mawingu hujikusanya kwenye miteremko ya kusini, ndiyo maana upande wetu ni wa migomba na kahawa, na upande wa pili wa mlima ni wa vumbi na mbuzi. Nairobi haina mlima wa kuyazuia. Yanapanda taratibu kutoka tambarare na kutulia juu ya mji kama mfuniko wa sufuria. Kuna siku za Julai ambapo jua halionekani kabisa, watu wanatembea na majaketi mabega juu, na muuza mahindi ya kuchoma anakuwa rafiki wa kila mtu.

(Kiswahili chenyewe kinasitasita huku bara. Kaskazi na kusi ni maneno ya mabaharia. Kipupwe tulifundishwa shuleni, lakini sijamsikia mtu wa Arusha akilitumia. Nyumbani tunasema "mwezi wa saba", na Nairobi wanasema "Julai". Hapo unajua kwamba unaambiwa utafute sweta.)

Jedwali likatuma jibu safi: kwa mgonjwa wa pumu na magoti, nyuzi mbili na nusu si kidogo, Arusha imeshinda. Nililipenda lile jedwali. Ila ukiwa umezoea kukaa na nyaraka za zamani, huwezi kuona maneno "hali ya hewa nzuri" ukayapita tu. Nimekutana nayo mno. Katika maandishi ya walowezi wa mwanzo wa karne ya 20 maneno hayo yanatangulia madai ya ardhi jinsi salamu inavyotangulia ombi la mkopo.

Reli ilipofika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, pale palikuwa tambarare yenye kinamasi. Wamaasai walipaita Enkare Nyirobi, maji baridi. Wahandisi walipachagua kwa sababu ya maji hayo na kwa sababu palikuwa mahali pa mwisho pa usawa kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Kama mji palikuwa pabaya: mvua ikinyesha udongo mweusi unageuka uji, na mwaka 1902, baada ya tauni kuingia, maofisa walilichoma moto soko la Wahindi. Hata hivyo, mwaka 1905 makao ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa kuletwa hapo. Kamishna Charles Eliot alikuwa ameshaipigia debe nyanda za juu kama nchi ambayo Mzungu anaweza kuishi na kuzaa watoto. Baridi ilikuwa hoja. Mahali ambapo Mwingereza halowi jasho, ilidaiwa, ni mahali pa Mwingereza. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa, na kwa ule wa 1911 wakaondolewa Laikipia walikopelekwa.

Kinachonichekesha ni kwamba waliosifu hewa ile waliiogopa pia. Waliamini kwamba mwinuko unachosha neva, na kwamba jua la ikweta lina miale inayopenya fuvu la Mzungu hata siku yenye ubaridi. Kwa hiyo walitembea Nairobi, kwenye nyuzi 22, wamevaa kofia nzito za jua, na baadhi yao wameshona kitambaa kinene nyuma ya shati ili kulinda uti wa mgongo. Wakati huohuo nyumba zao zilikuwa na mahali pa kuotea moto. Nikipita kwenye majengo ya zamani yenye dohani huwa nawawazia hao watu: mchana wanalikimbia jua, usiku wanakoka moto.

Na "Nairobi" waliyoisifu haikuwa Nairobi yote. Mji huu umeinama. Magharibi ni juu, udongo mwekundu, mvua nyingi na miti. Ukishuka mashariki mvua inapungua, udongo unakuwa mweusi, vumbi linaongezeka. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, daktari wa afya ya umma, alitumwa na serikali ya Uingereza kuitazama miji ya Afrika Mashariki, akapendekeza kila rangi ikae mtaa wake. Alitumia lugha ya magonjwa. Wazungu walikuwa wameshajitwalia kilima, na Waafrika wakapangiwa mashariki: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, kikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Kupanda kilimani kulikuwa ruhusa ya kazi. Jioni ukashuke.

Mimi nimepanga chumba Umoja, mashariki. Asubuhi napanda matatu kwenda kwenye maktaba ninayofanyia utafiti, upande wa juu. Natoka nyumbani na fulana, nikishuka navaa sweta. Jedwali langu lilipima Dagoretti Corner likaita Nairobi, wakati mimi mwenyewe kila siku napita katika hali ya hewa mbili kwa nauli ya matatu.

Hapo ndipo nikaanza kulishuku na upande wa Arusha. Bibi haishi uwanja wa ndege. Nkoaranga iko juu ya barabara kuu ya Moshi, ndani ya mawingu niliyoyasifu. Zile nyuzi mbili na nusu zilikuwa za marubani.

Nikampigia simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia unapima baridi."

"Ndiyo bibi, wamenituma."

"Umepima na ya Ngarenanyuki?"

Sikuwa nimepima. Ngarenanyuki iko upande ule mwingine wa mlima, kaskazini mashariki, na kwa Kimaasai ni maji mekundu. Nilijua kwamba bibi alizaliwa huko, kama unavyojua jambo la kwenye fomu.

Historia yake naijua zaidi kwa vitabu kuliko kwa bibi. Wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri Oktoba 1896, na Wajerumani chini ya Kapteni Johannes wakajibu kwa kuchoma migomba na kuswaga ng'ombe wa Wameru na Waarusha. Baadaye likasimama boma, lile ambalo leo ni makumbusho, na mji wa Arusha ukakua kulizunguka. Kisha walowezi, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, wakagawiwa mashamba. Mashamba hayo yaliuzunguka mlima kama mkanda. Wenyeji walibaki juu, na njia ya kuteremkia malishoni ikawa ya kuombea.

Waingereza walipochukua nchi, badala ya kuulegeza mkanda waliukaza. Tume ya Jaji Mark Wilson, mwisho wa miaka ya 1940, ilishauri Wazungu wapate eneo moja lisilokatizwa kati ya Meru na Kilimanjaro, la ufugaji. Ngarenanyuki ilikuwa ndani yake. Novemba 1951 askari walifika. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa, wakaelekezwa King'ori, chini, kwenye joto na mbung'o. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alikwenda Umoja wa Mataifa kulieleza jambo hilo. Ardhi haikurudi kwa safari ile.

Bibi alikuwa na miaka minane. Kwenye simu hakumtaja Kirilo wala Umoja wa Mataifa. Alisimulia asubuhi za Ngarenanyuki: ng'ombe wakipumua moshi, umande ukichoma miguu, na jua likichomoza upande wa Kilimanjaro, na watoto wakisimama mstari mmoja ukutani kulisubiri. Baridi kavu, alisema, haikuwa na kikohozi. Kuhusu siku yenyewe alisema maneno machache. Mama yake alibeba jiwe la kusagia, kisha akaliacha njiani. Baba yake aliitazama King'ori siku moja akasema watoto wake hawatalala na mbu, akawapeleka kwa kaka yake Nkoaranga, wakabanwa nyumba moja familia mbili.

"Ndiyo nikaanza kukohoa," alisema. "Huku kuna ukungu."

Nilinyamaza. Nimesoma kesi ya ardhi ya Wameru mara tatu kwa ajili ya mitihani, na sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kuwa ndani ya kifua cha mtu. Siwezi kuthibitisha hilo, na msimamizi wangu angelikata kwa kalamu nyekundu. Pumu ina sababu nyingi, na jiko la kuni ni mojawapo. Ila tangu siku ile nikisikia "baridi ya Arusha" nauliza ya upande gani wa mlima, na nani alimsukuma aliyeko huko.

"Kwa hiyo bibi, utakuja Nairobi kwa shangazi? Wana hita."

"Huko asubuhi nani atakuja kuniamkia?"

Niliandika kwenye kundi kwamba bibi abaki, lakini jiko la kuni litoke ndani ya nyumba na dirisha la chumba chake lizibwe vizuri. Shangazi hakunijibu siku mbili, kisha akatuma pesa ya jiko la gesi. Baba akaandika, "Nilisema Arusha," nami sikumbishia, ingawa sivyo nilivyosema.

Kwa maana mngeniuliza mimi, kwa ajili yangu, ningechagua Nairobi. Nasema hivi nikijua kwamba nitaitwa msaliti mwezi wa kumi na mbili nikienda nyumbani. Naipenda Arusha saa kumi na moja jioni, mawingu yakifunguka ghafla na Meru ukajitokeza wote kama mtu aliyekuwa nyuma ya pazia muda wote. Lakini Februari ya Arusha mjini inanichosha, lile joto kavu lenye vumbi. Nairobi hunipa usiku wa kulala mwaka mzima, Oktoba ya mijakaranda, na ile Julai ya kijivu ambayo wengi wanailalamikia, nami ndiyo mwezi ninaosoma vizuri kuliko yote. Kuna asubuhi nakaa kwenye ngazi za maktaba, kilimani, na chai ya maziwa mkononi na sweta limefungwa hadi kooni. Sina kipande shingoni, hakuna anayeniuliza nitashuka saa ngapi. Jioni narudi Umoja kwa sababu kodi ya huku juu siiwezi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Gikomba. Bibi alikuwa ameagiza sweta zito, la kufunga vifungo mbele, lisiwe jeupe. Muuzaji alianza na shilingi 800, tukakubaliana 450. Lebo ya ndani ilionyesha lilishonwa Scotland. Nililituma kwa basi la usiku, na kesho yake baba akanitumia picha: bibi amekaa nje juani, sweta begani, hajalivaa.

"Anasema leo hakuna baridi," baba aliandika.