Mipira 37 Pale Gymkhana

Tarehe 7 Juni 1975, siku ya kwanza ya Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, wapigaji wawili waliingia uwanjani kufungua mchezo na hakuna aliyeweza kuwatoa hadi ova zote 60 za timu zao (kila ova ni mipira sita) zikaisha. Mmoja alikuwa Lord's, London: Sunil Gavaskar wa India. Uingereza ilikuwa imeweka mikimbio 334, na Gavaskar akajibu kwa kukabili mipira 174 na kupata mikimbio 36 tu, tena kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mwingine alikuwa Birmingham: Glenn Turner wa New Zealand. Yeye alikabili mipira 201, akapata 171.

Waliomrushia Turner mipira hiyo walikuwa Afrika Mashariki. Timu hiyo iliunganisha wachezaji wa ridhaa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya nahodha Harilal Shah wa Kenya. Kikosini alikuwamo Mganda John Nagenda, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama mwandishi wa riwaya na mshauri wa Rais Yoweri Museveni. New Zealand ilimaliza na 309. Afrika Mashariki ilihimili ova zote 60 bila kumalizwa, ikapata 128, na zaidi ya theluthi yake ilitoka kwenye gongo la mtu mmoja, Frasat Ali, aliyepata 45.

Kichapo hicho kikaingiza jina la kanda hii kwenye kumbukumbu za mchezo: kwa miaka 8, alama ya juu kabisa kuwahi kuwekwa na mchezaji mmoja katika mechi ya kimataifa ya siku moja ilikuwa 171 dhidi ya Afrika Mashariki. Turner alikuwa fundi, hilo halina ubishi. Hata hivyo, kumchapa mgeni aliyekuja kujifunza si sawa na kuiokoa timu yako inapozama, na aliyeivunja rekodi yake aliivunja kwa namna hiyo ya pili.

Ilikuwa 18 Juni 1983, mji mdogo wa Tunbridge Wells, kusini mwa Uingereza. India ilikuwa ikicheza na Zimbabwe, na ikishindwa ingekuwa hatarini kuliaga Kombe la Dunia. Nahodha Kapil Dev amesimulia kwamba alikuwa bafuni wakati wenzake wanapukutika. Alipoingia ubao ulisoma mikimbio 9, wanne wameshatoka. Muda mfupi baadaye ukasoma 17, watano wametoka. Kapil akaanza kwa kuokota mkimbio mmoja mmoja, na alipoona mpira unampa nafasi akabadilika. Alimaliza na 175 kwa mipira 138, mapigo ya sita 6 na ya nne 16, bila kutolewa. Mlinda wiketi Syed Kirmani alisimama naye upande wa pili, wakaongeza 126 pamoja, Kirmani akichangia 24 tu. India ilishinda kwa mikimbio 31, na wiki moja baadaye ikatwaa kombe mbele ya West Indies. Mechi hiyo haina picha za video. Sababu inayotajwa sana ni mgomo wa wafanyakazi wa BBC siku hiyo, na pengine ukosefu huo umeikuza hadithi, kwa kuwa kila msimuliaji yuko huru kuichora apendavyo.

Rekodi ya Kapil haikufikisha hata mwaka. Tarehe 31 Mei 1984, katika uwanja wa Old Trafford mjini Manchester, Vivian Richards wa Antigua aliiona West Indies ikifikia 102 huku saba wameshatolewa, kisha 166 tisa wametolewa. Aliyebaki kumsindikiza alikuwa Michael Holding, mrushaji wa mipira ya kasi ambaye hakuna aliyemtegemea kwa gongo. Wawili hao wakaongeza 106 kwa wiketi ya mwisho. Mchango wa Holding ulikuwa 12. Richards, kichwani kofia ya kawaida ilhali wenzake wa enzi hiyo walikuwa wameanza kuvaa helmeti, alibaki na 189 kati ya 272 za timu nzima. Uingereza nzima ikapata 168. Miongoni mwa warushaji aliowaadhibu alikuwamo Derek Pringle, mzaliwa wa Nairobi, ambaye baba yake, Don Pringle, alikuwa kwenye kikosi kile cha Afrika Mashariki cha 1975.

Nairobi yenyewe ilingoja hadi 1996. Chama cha kriketi cha Kenya kilikuwa kikiadhimisha karne moja ya mchezo huo nchini, kikazialika Pakistan, Sri Lanka na Afrika Kusini. Kenya ilikuwa na sababu ya kujivuna: Februari mwaka huohuo iliifunga West Indies katika Kombe la Dunia huko Pune, India, kwa kuwatoa wote kwa mikimbio 93. Sri Lanka ilikuja Nairobi ikiwa bingwa wa dunia. Pakistan ilikuja na kijana aliyeitwa dakika za mwisho kutoka timu ya vijana, kuziba pengo la Mushtaq Ahmed aliyeumia. Aliitwa kurusha mpira. Jina lake Shahid Afridi.

Katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Kenya, hakupata hata nafasi ya kushika gongo. Tarehe 4 Oktoba, dhidi ya Sri Lanka, Nairobi Gymkhana, wakampandisha nafasi ya tatu wajaribu bahati. Gongo alilopewa lilikuwa la Sachin Tendulkar wa India, aliyekuwa amempa Waqar Younis wa Pakistan akatengenezewe jingine la mfano huo Sialkot, mji wa Pakistan unaosifika kwa vifaa vya michezo. Afridi akaanza kupiga. Mpira ulivuka kamba, ukavuka uzio, na hewa nyepesi ya mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari haikusaidia kuurudisha. Alifikisha mia kwa mipira 37. Rekodi iliyokuwapo, ya mipira 48, ilikuwa ya Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka, aliyeiweka Aprili mwaka uleule. Na Jayasuriya huyohuyo alikuwa uwanjani siku hiyo akirusha mipira, ova zake 10 zikamgharimu mikimbio 94. Afridi alitoka na 102 kwa mipira 40, mapigo ya sita yakiwa 11. Pakistan ikaandika 371 na kushinda kwa 82.

Vitabu vilisema kijana huyo ana miaka 16. Mwaka 2019, katika kitabu cha maisha yake, Afridi aliandika kwamba alizaliwa 1975, kwa hiyo umri ule haukuwa sahihi. Idadi ya mipira haikuguswa na ungamo hilo. Rekodi ya Gymkhana ilidumu zaidi ya miaka 17, hadi 1 Januari 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipofikisha mia kwa mipira 36 mjini Queenstown. Mwaka mmoja baadaye AB de Villiers wa Afrika Kusini aliishusha hadi 31 mjini Johannesburg.

Turudi nyuma kidogo: mwaka 1997 ulikuwa wa neema. Mwezi Mei, mjini Chennai, Saeed Anwar wa Pakistan alipata 194 dhidi ya India na kumpita Richards. Joto lilimchosha akaombewa mkimbiaji, na aliyemkimbilia alikuwa Afridi. Oktoba, mjini Nairobi, Kennedy Otieno wa Kenya alipata 144 na mwenzake Dipak Chudasama 122 dhidi ya Bangladesh, wakafungua mchezo kwa mikimbio 225, ambayo wakati huo hakuna jozi ya wafunguzi duniani iliyokuwa imeifikia. Desemba, mjini Mumbai, nahodha wa wanawake wa Australia, Belinda Clark, aliichapa Denmark 229 bila kutolewa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa binadamu yeyote kuvuka 200 katika mechi ya kimataifa ya siku moja. Ajabu ni kwamba Tendulkar alipofikisha 200 mjini Gwalior, Februari 2010, wengi walishangilia kana kwamba mlango huo haujawahi kufunguliwa. Ulikuwa wazi kwa zaidi ya miaka 12.

Baada ya Gwalior mafuriko yalikuja. Virender Sehwag wa India alipata 219 mwaka 2011. Novemba 2014, katika uwanja wa Eden Gardens mjini Kolkata, Rohit Sharma wa India aliponea akiwa na 4 baada ya mdakaji wa Sri Lanka kuuangusha mpira wake, akaendelea hadi 264. Sri Lanka nzima ikapata 251. Hiyo 264 ndiyo alama ya juu kabisa, ingawa viwanja vya siku hizi, magongo mazito na sheria za kuwabana wadakaji ndani ya duara vimempa mpigaji urahisi ambao Turner hakuuota.

Kwa hiyo ukubwa wa alama peke yake haumpi mtu taji. Novemba 2023, mjini Mumbai, Glenn Maxwell wa Australia alisimama mbele ya Afghanistan timu yake ikiwa na 91, saba wametoka, ikihitaji 292. Misuli ilimkaza hadi akaanguka chini. Akabaki akipiga mpira bila kunyanyua miguu, na Pat Cummins akimlinda upande wa pili kwa kupata 12 katika mipira 68. Maxwell alimaliza na 201 na ushindi. Kwa kufukuza alama, hajatokea wa kumfikia. Lakini kwa mchezo mzima, dhidi ya wapinzani wagumu na ugenini, taji bado ni la Richards na zile 189 za Old Trafford, akifuatiwa kwa karibu na Kapil.