Pilipili na tomato sosi: mgeni nani?

Juzi jioni tulibishana kwenye kibanda cha chipsi hadi chipsi zenyewe zikapoa. Mshkaji mmoja alimimina tomato sosi, mwingine akamcheka: "Acha uzungu bwana, Mswahili anakula pilipili!"

Nikarudi nyumbani nikafukua kidogo. Wadau, pilipili kali ni mmea wa Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya 1492 hakuna mtu wa Kilwa wala Mombasa aliyewahi kuionja. Huku ilifika baada ya Wareno kuanza kupita na merikebu zao. Nyanya nayo ni ya hukohuko Amerika, kwa hiyo hata kachumbari tunayojidai nayo, mmh!

Kilichonichekesha ni jina. "Pilipili" ni ndugu wa "filfil" ya Kiarabu na "pippali" ya Kisanskriti, maneno yaliyokuwepo zamani kabla ya huu mmea wa Amerika. Mgeni akatwaa jina, na ile nyeusi ya kutoka India ikabaki na nyongeza: pilipili manga. Manga ni Uarabuni, ambako wala haikulimwa!

Na kechapu? Jina lake linahusishwa na mchuzi wa samaki wa Wachina wa Hokkien. Waingereza waliitengeneza kwa uyoga. Ya nyanya ilikuja baadaye Marekani, na Heinz akaanza kuuza yake 1876.

Nimemweleza yote haya yule aliyecheka. Kanijibu kuwa kuanzia leo anakamulia ndimu tu. Sijamwambia ndimu ilitoka Asia.